Mechi za Mchujo: Je, Timu Yetu Itapona?



Wapenzi wa mpira wa miguu ni wengi hapa Ufipa. Ukipita Sumbawanga mjini, Laela, Matai au Namanyere siku ya mechi kubwa, utakuta watu wamejaa kwenye kibanda cha televisheni. Wengine wamesimama nje kwenye baridi, wamejifunika makoti, wanasikiliza redio. Ligi inapokaribia kwisha, mazungumzo yanakuwa makali. Huyu anasema, "Timu yetu imekwisha, inashuka." Yule anajibu, "Haishuki, bado kuna mchujo." Watu wawili wanabishana mpaka usiku, na kesho yake hawasalimiani.

Mara nyingi ubishi huo unatokana na kutokujua hesabu ya ligi. Sisi tuliohitimu kisomo tunajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi tuitumie elimu yetu hata katika mpira. Makala hii inaeleza mchujo ni nini, unaendaje, na namna gani mshabiki anaweza kupima matumaini ya timu yake bila kujidanganya.

Timu iliyokuja kwetu

Mimi ni mshabiki wa Tanzania Prisons, wale wanaoitwa Wajelajela. Timu hii ni ya Jeshi la Magereza na makao yake ni Mbeya. Lakini msimu wa 2020/21 ilihamia kwetu. Ilicheza mechi zake za nyumbani katika Uwanja wa Nelson Mandela, hapa Sumbawanga. Kabla ya hapo, tarehe 2 Agosti 2020, uwanja huohuo ulikuwa umepokea fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba ikaifunga Namungo mabao 2 kwa 1.

Watu wa Rukwa hawatasahau tarehe 22 Oktoba 2020. Siku hiyo Prisons iliifunga Simba bao 1 kwa 0 palepale Sumbawanga. Simba ndiyo iliyokuwa bingwa wa nchi. Mwisho wa mwaka huohuo Yanga nayo ilikuja, ikaambulia sare ya 1 kwa 1. Baadaye Prisons ilirudi Mbeya, lakini mapenzi hayakurudi nayo. Wako wazee na vijana wa Ufipa ambao mpaka leo wanaihesabu kuwa timu yao. Kwa hiyo kila inapokaribia mkiani, sisi huku tunakosa usingizi.

Mchujo ni nini?

Mama anapochuja pombe au chai, majimaji yanapita na makapi yanabaki juu. Katika mpira pia ni hivyo. Mechi za mchujo ni mechi za ziada zinazochezwa baada ya ligi kwisha, ili kujua timu gani ibaki Ligi Kuu na timu gani ikae chini.

Tangu msimu wa 2021/22 Ligi Kuu ya Tanzania Bara imekuwa na timu 16. Kila timu inacheza na wenzake 15 mara mbili, nyumbani na ugenini. Yaani 15 mara 2, jumla mechi 30. Ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1, kufungwa ni pointi 0. Chini ya Ligi Kuu kuna Ligi ya Championship, ambayo zamani tuliiita Ligi Daraja la Kwanza.

Sasa tuangalie utaratibu uliotumika katika misimu hiyo ya karibuni, mpaka ule wa 2024/25:

1. Timu ya 15 na timu ya 16 zinashuka daraja moja kwa moja. Hazina mchujo.

2. Timu mbili za kwanza za Championship zinapanda moja kwa moja.

3. Timu ya 13 na timu ya 14 za Ligi Kuu zinacheza zenyewe kwa zenyewe, mechi mbili, nyumbani na ugenini. Mabao ya mechi zote mbili yanajumlishwa. Inayoshinda inabaki Ligi Kuu.

4. Timu ya 3 na timu ya 4 za Championship nazo zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Inayoshindwa inabaki hukohuko chini.

5. Timu ya Ligi Kuu iliyoshindwa inakutana na timu ya Championship iliyoshinda. Hapo ndipo penye kilio. Mshindi anacheza Ligi Kuu msimu unaofuata, aliyeshindwa anakwenda au anabaki chini.

Siku moja katika darasa la kisomo mkulima mmoja aliuliza, "Mwalimu, timu imefungwa kwenye mchujo, mbona haijashuka?" Swali lake ni zuri. Jibu ni kwamba timu ya Ligi Kuu ina nafasi mbili. Ikikosea mara ya kwanza, inapewa mara ya pili. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini timu ya Championship haina nafasi ya pili. Lazima ishinde hatua zote mbili.

Mchujo si mambo ya Tanzania peke yake. Hata Ujerumani, timu ya 16 kati ya 18 za ligi kubwa hukutana na timu ya 3 ya daraja la pili, wakagombania nafasi moja.

Nani ananufaika na mchujo?

Hebu tufanye hesabu. Tuseme timu zote zina nguvu sawa, kama kurusha sarafu juu. Chukua timu 100 zilizoingia mchujo kutoka Ligi Kuu. Katika hatua ya kwanza 50 zinashinda na kubaki. Zilizoshindwa ni 50. Hizo zinacheza hatua ya pili, na nusu yake, yaani 25, zinapona. Jumla ya zilizopona ni 50 kujumlisha 25, yaani 75. Kwa maneno mengine, nafasi ya kupona ni 3 kati ya 4.

Sasa chukua timu 100 za Championship. Hatua ya kwanza zinapita 50. Hatua ya pili zinapita 25. Nafasi yake ni 1 kati ya 4 tu. Kumbe mchujo unamlinda aliye juu kuliko aliye chini.

Je, mambo yalikwendaje uwanjani? Tuangalie misimu mitatu.

Msimu wa 2022/23 zilizoingia mchujo ni KMC na Mbeya City. KMC ilishinda ikabaki. Mbeya City ikakutana na Mashujaa ya Kigoma, iliyokuwa imeitoa Pamba ya Mwanza. Mashujaa ilishinda kwa jumla ya mabao 4 kwa 1. Mbeya City ikashuka, na watu wa Kigoma wakapata timu ya Ligi Kuu.

Msimu wa 2023/24 ilikuwa zamu ya JKT Tanzania na Tabora United. JKT ilishinda. Tabora ikakutana na Biashara United ya Mara, ikaishinda. Zote mbili zikabaki.

Msimu wa 2024/25 ilikuwa zamu yetu. Kagera Sugar na KenGold ya Chunya zilishuka moja kwa moja. Prisons na Fountain Gate zikaingia mchujo. Prisons ilishinda ikabaki. Fountain Gate ikakutana na Stand United ya Shinyanga, nayo ikaponea hapo.

Basi hesabu: timu 6 za Ligi Kuu ziliingia mchujo, 5 zilipona, 1 ilishuka. Mshabiki anayesema, "Tumeingia mchujo, tumekwisha," anakosea. Lakini na yule anayesema, "Mchujo si kitu, tutapita tu," akaulize Mbeya City.

Namna ya kusoma msimamo wa ligi

Msimamo wa ligi ni ile orodha ya timu na pointi zake. Watu wengi wanatazama namba ya kwanza tu: timu yangu ni ya ngapi? Haitoshi. Yatazame mambo manne: pointi, mechi zilizochezwa, mechi zilizobaki, na tofauti ya mabao.

Tofauti ya mabao ni mabao ya kufunga kutoa mabao ya kufungwa. Timu iliyofunga mabao 25 na kufungwa 32 ina upungufu wa mabao 7. Usidharau namba hii. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zote zilimaliza na pointi 69. Azam ikawa ya pili na Simba ya tatu kwa sababu ya mabao tu. Azam ikaenda kwenye kombe la mabingwa wa Afrika, Simba ikaenda kombe la pili. Kwa hiyo timu inapofungwa mabao 4, usiseme, "Kufungwa ni kufungwa." Bao la nne linaweza kukugharimu mwezi wa mwisho.

Sasa tufanye mfano. Hizi si timu za kweli, ni za kujifunzia. Kila timu imecheza mechi 26. Zimebaki mechi 4.

Nafasi ya 12: Timu A, pointi 31
Nafasi ya 13: Timu B, pointi 28 (tuseme ndiyo yetu)
Nafasi ya 14: Timu C, pointi 27
Nafasi ya 15: Timu D, pointi 22
Nafasi ya 16: Timu E, pointi 15

Mechi 4 mara pointi 3 ni pointi 12. Hizo ndizo pointi nyingi kabisa ambazo timu yoyote inaweza kuongeza.

Swali la kwanza: Timu E inaweza kutufikia? Pointi 15 kujumlisha 12 ni 27. Sisi tayari tuna 28. Haiwezi. Hata tukifungwa mechi zote, E hatufikii.

Swali la pili: Timu D je? Pointi 22 kujumlisha 12 ni 34. Inaweza kutupita. Basi sisi tunahitaji pointi ngapi ili D isitupate hata ikishinda zote? Tunahitaji kufika 35. Kutoka 28 mpaka 35 ni pointi 7. Yaani tushinde mechi 2 na kutoka sare 1. Tukipata hizo, hatuwezi kushuka moja kwa moja. Hapo mshabiki anaweza kulala.

Swali la tatu: Tunaweza kukwepa mchujo kabisa? Hapo ni lazima tuipite A yenye pointi 31. Tukishinda mechi zote 4 tutakuwa na 40. Lakini A nayo ikishinda zote itakuwa na 43. Maana yake ni kwamba shingo yetu haiko mikononi mwetu peke yetu. Tunahitaji kushinda, na tunahitaji A ifungwe. Mshabiki wa timu ya namna hii anasikiliza redio mbili kwa wakati mmoja.

Ila kuna jambo moja la kutazama. Je, katika mechi 4 zilizobaki imo mechi yetu na A? Kama imo, mambo yanabadilika. Tukiifunga A, sisi tunapata 3 na yeye anakosa 3. Ndiyo sababu makocha wanasema mechi ya namna hiyo ni ya pointi 6.

"Inawezekana" na "inaelekea"

Haya ni maneno mawili tofauti, na ubishi mwingi unatokana na kuyachanganya. Inawezekana mvua ikanyesha Sumbawanga mwezi wa saba. Lakini mkulima wa Ufipa hapandi mahindi mwezi wa saba, kwa sababu haielekei.

Katika mfano wetu, inawezekana Timu B ikashinda mechi zote 4. Lakini katika mechi 26 imepata pointi 28. Ni kama pointi 1 kwa kila mechi. Timu iliyokwenda mwendo huo miezi yote, kwa mechi 4 inaelekea kupata kama pointi 4 au 5. Itafika 32 au 33. Basi mshabiki mwenye akili ajiandae kwa mchujo.

Halafu tazama wapinzani. Pointi 3 za kuifunga timu ya mkiani na pointi 3 za kuifunga Yanga ni sawa kwenye karatasi, lakini uwanjani si sawa. Msimu wa 2024/25 Yanga ilimaliza na pointi 82. Ilishinda mechi 27 kati ya 30. Timu yako ikiwa imebakiza mechi na Yanga, Simba na Azam, usizihesabu pointi 9 hizo kama mahindi yaliyokwisha kuingia ghalani. Hata hivyo mpira unadunda. Mwaka 2020 nani alisema Simba itafungwa Sumbawanga?

Tazama pia nyumbani na ugenini. Timu iliyotoka Dar es Salaam ikaja Ufipa inakutana na safari ndefu, baridi na hewa nyepesi ya mlimani. Lakini na timu ya kwetu ikienda Pwani inakutana na joto. Ukihesabu mechi 4 zilizobaki, andika mbele ya kila moja "N" kwa nyumbani na "U" kwa ugenini.

Kushuka daraja kuna hasara gani?

Wengine husema, "Si mpira tu?" Hapana. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira, yaani TFF, lilitia saini mkataba na Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, wa shilingi bilioni 225.6. Timu zilizo katika ligi zinapata fungu. Timu ikishuka inatoka kwenye fungu hilo. Wachezaji wazuri wanaondoka, na kusajili wengine kunakuwa kugumu.

Na mji nao unapata hasara. Ligi Kuu ikichezwa mjini, wageni wanalala nyumba za wageni, mama lishe anauza chakula, kijana wa bodaboda anabeba abiria, na muuza karanga anarudi nyumbani na mfuko mtupu. Timu ikishuka au ikihama, biashara hiyo inakwenda nayo. Sisi wa Sumbawanga tuliiona.

Lakini kushuka si kufa. Mbeya City ilishuka mwaka 2023. Ilikaa Championship misimu miwili. Mwaka 2025 ilipanda tena, moja kwa moja bila mchujo. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Usiweke mahindi ya nyumba juu ya mpira

Ndugu msomaji, sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mama mmoja alisimama katika kikundi cha kisomo akasema hivi: "Mume wangu na jirani yake wamewekeana magunia mawili ya mahindi. Timu ikishuka, magunia yanaondoka. Wanangu wale nini mwezi wa pili?" Darasa zima lilinyamaza.

Mwezi wa pili kila mtu wa Ufipa anaujua. Mahindi ya shamba bado mabichi, na ghala linaonyesha sakafu. Gunia linalochezewa mwezi wa sita ndilo litakalotafutwa wakati huo.

Wengine hawaweki magunia. Wanabeti kwa simu. Kijana anatengeneza mkeka wa mechi 5. Anasema, "Nikipata zote, naokota fedha nyingi." Tumpigie hesabu. Tuseme kila mechi ana nafasi nusu ya kupatia. Mechi 1 ni 1 kati ya 2. Mechi 2 ni 1 kati ya 4. Mechi 3 ni 1 kati ya 8. Mechi 4 ni 1 kati ya 16. Mechi 5 ni 1 kati ya 32. Maana yake, katika mikeka 32 ya namna hiyo, 31 inachanika na mmoja tu unapita. Na kampuni nayo imekwisha kupiga hesabu yake kabla yako, ili faida ibaki kwake. Isitoshe, sheria yetu hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kucheza michezo hii. Mzazi mwenye simu ajue mtoto anaitumiaje.

Sisemi watu wasifurahi. Kama lazima mwekeane kitu na jirani, wekeaneni soda. Atakayeshindwa ananunua, mnakunywa pamoja, na mke wa mtu halii. Fedha ya mbolea, ada na dawa isiguswe.

Basi, itapona?

Mtaniuliza: wewe mshabiki wa Prisons, una matumaini gani timu ikiingia tena mchujo? Nitawajibu kwa hesabu, si kwa kelele. Ikiingia mchujo, inaelekea itapona, maana ina nafasi mbili na mpinzani wa Championship ana moja. Lakini timu isizoee kukaa mlangoni. Za mwizi ni arobaini. Anayelala mlangoni kila msimu, ipo siku upepo utamtoa nje. Dawa ya mchujo ni kutafuta pointi mapema, mwanzoni mwa ligi, kama mkulima anayepanda na mvua za kwanza. Pointi ya mwezi wa tisa ina uzito uleule wa pointi ya mwezi wa sita, ila ya mwezi wa tisa inapatikana bila presha.

Kwa hiyo ubishi ukianza kibandani, usipandishe sauti. Omba karatasi na kalamu. Andika pointi, andika mechi zilizobaki, zidisha kwa 3, jumlisha. Halafu mwulize mwenzako, "Inawezekana, au inaelekea?"

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Timu ina pointi 30. Imebakiza mechi 3. Ikishinda 1, ikatoka sare 1 na kufungwa 1, itamaliza na pointi ngapi?

2. Timu ya 15 ina pointi 24 na imebakiza mechi 3. Timu yenu ina pointi 29 na imebakiza mechi 3. Mnahitaji pointi ngapi ili isiwafikie kabisa?

3. Kwa nini timu ya Ligi Kuu ina nafasi kubwa zaidi katika mchujo kuliko timu ya Championship?

4. Katika kijiji chenu watu wanaweka nini rehani kwa ajili ya mpira? Kikundi kinaweza kufanya nini?

Majibu ya hesabu: swali la 1 ni pointi 34. Swali la 2 ni pointi 5, kwa sababu timu ya 15 haiwezi kuzidi pointi 33, na ninyi mkipata 5 mtafika 34.